Doa Lililokosekana

Mkuu wa maabara aliniambia niandike jina langu, nami nikaandika. Hakunishika mkono wala hakunitisha. Alisimama upande wa pili wa meza na kikombe chake cha chai, akanionyesha kwa kidevu safu ya mwisho ya kitabu cha kazi, ile iliyokuwa na kichwa "Aliyeona". Akasema kwa Kikipsigis, lugha yetu sisi wawili, kwamba mwosha vyombo hana cheti, na nafasi ya masomo ikija haitampata hata kama ameona malaika. "Ikipotea, imepotea," alisema. "Andika lako." Kalamu ilikuwa na wino. Ningeweza kuiweka chini na kwenda kumwita rafiki yangu, aliyekuwa nje akianika vitambaa. Badala yake nilikausha jina langu kwa karatasi ya kunyonya wino, taratibu, ili lisichafuke.

Hiyo ilikuwa Kericho, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kama msaidizi katika maabara ndogo iliyokuwa mwisho wa barabara ya murram, changarawe nyekundu isiyo na lami, chai upande mmoja na msitu upande wa pili. Jengo lilikuwa la mabati mekundu. Mvua ya alasiri ilipoanza kugonga paa tuliacha kuzungumza, tukaonyeshana kwa mikono. Kazi yetu kubwa ilikuwa udongo na mbolea. Wakulima wadogo walileta udongo wa mashamba yao katika mifuko ya sukari, nasi tukaupima tukawaambia chai yao inakosa nini. Mara nyingi ilikuwa inakosa nitrojeni, na dawa yake ilikuwa salfeti ya amonia, mbolea nyeupe kama chumvi. Baba yangu, aliyekuwa na shamba dogo la chai huko Roret, aliiamini kama alivyoamini sala. Majani yakianza kuwa ya njano haulizi swali. Hufungua gunia.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kazi pale kabla yangu. Alikuwa Mluhya, mkubwa kwangu kwa miaka kama sita, aliyeletwa na wazazi wake wachuma chai akiwa mtoto. Alisoma hadi darasa la saba, karo ikakoma hapo. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuchemsha na kuanika. Tuliishi chumba kimoja katika nyumba za laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa chai, tukapika kwa jiko moja. Aliniambia kwamba sisi Wakipsigis tunamjua ng'ombe wa jirani kwa kikohozi chake lakini hatujui kukaanga mboga. Nami nilimjibu kwamba kuku wa laini nzima walikuwa wakinyamaza akipita, wakiogopa sufuria yake. Nilipotoka nyumbani mara ya kwanza na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa yenye unga wa mkaa, alichungulia ndani akauliza ni nani aliyeunguza maziwa ya watu. Baada ya mwezi ni yeye aliyekuwa akiniuliza nitakwenda nyumbani lini. Mama alimtumia kibuyu chake mwenyewe, chenye mfuniko wa ngozi na shanga, na kwetu huwezi kumpa kibuyu mtu ambaye hutarajii kumwona tena. Akajifunza kuniita chorwenyu, yaani rafiki yangu. Alilitamka vibaya mwanzoni, kisha akalitamka kama mtu wa kwetu.

Siku za Jumapili alikuwa mpokea watu mlangoni mwa kanisa la laini. Kila familia ilikuwa na benchi lake, naye alisimama nyuma akiangalia migongo. Ibada ikiisha alijua ni nani hakuja, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepita kumjulia hali. Ninataja hili kwa sababu ndilo lililoleta mambo yote.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu alikuja Daktari. Alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye mvi na viatu vya mwanamume, mtaalamu wa viumbe vidogo. Sisi tulitarajia apime chai. Yeye akafungua sanduku akatoa hamira. Mkuu wa maabara alinong'ona kwamba tumeletewa mwoka mikate. Lakini Daktari alikuwa na sababu. Alitaka kujua jinsi kitu kilicho hai kinavyochagua chakula chake cha nitrojeni, na mti wa chai ni mkubwa mno, una mizizi na majani na hali ya hewa. Hamira ni seli moja tu. Inakula, inakua, inagawanyika, na kufikia kesho yake asubuhi una jibu.

Alitufundisha kwa Kiswahili chake cha shambani, sote watatu, naye mwosha vyombo akiwa kwenye sinki. "Hii seli iko kama nyumba," alisema. "Iko na mlango mingi." Tulivyomwelewa ni hivi. Ukuta wa seli haupitishi chakula hivi hivi. Kuna milango, na kila mlango una chakula chake. Amonia ndiyo nitrojeni rahisi kuliko zote, haihitaji kutafunwa. Seli ikipata amonia tele hufunga milango ya vyakula vingine, na haijengi mipya. Amonia ikiisha huifungua tena, ikala chochote inachokuta. Kufunga na kufungua huku si bahati. Kuna agizo limeandikwa ndani ya seli, linarithiwa na seli mtoto, na agizo hilo akaliita jeni. Yeye alitaka kumpata hamira mmoja ambaye agizo lake limeharibika, ambaye hata akishiba amonia mlango wake unabaki wazi. Ukimjua aliyeharibika, alisema, ndipo utajua mzima anafanyaje kazi.

Rafiki yangu aligeuka kutoka kwenye sinki. "Mama Daktari, kumbe hamira ni Mkristo," alisema. "Krismasi akiona nyama, sukuma wiki haipiti mlangoni."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Toka siku hiyo kile chakula chenye amonia, tulichokichemsha na kukigandisha katika visahani vya kioo, kiliitwa ugali wa Krismasi. Kile cha pili, chenye nitrojeni hafifu ambayo hamira huila kwa kukosa nyingine, kikaitwa uji wa Januari. Majina hayo Daktari aliyaandika hata kwenye chupa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Daktari aliimulika hamira kwa taa yenye miale inayoharibu maagizo ya seli, mara hapa mara pale, bila kuchagua. Kisha tuliitandaza katika kisahani, na kila seli iliyopona ikawa doa dogo jeupe. Tulikuwa na kigogo cha mbao kilichovikwa kitambaa cha mahameli. Ukikibonyeza juu ya kisahani, manyoya ya mahameli huchukua kidogo kutoka kila doa, nawe unakibonyeza tena katika visahani viwili vipya, kila doa likae mahali pale pale. Kisahani cha kwanza kilikuwa ugali wa Krismasi mtupu. Cha pili kilikuwa ugali huo huo uliotiwa sumu inayofanana na chakula. Hamira mzima, akiwa ameshiba amonia, milango yake imefungwa, hivyo sumu haiingii na anaishi. Yule tuliyemtafuta angeimeza sumu kwa mlango wake ulio wazi, akafa. Kwa hiyo hatukuwa tukitafuta kilichoota. Tulitafuta doa lililopo katika kisahani cha kwanza na kukosekana katika cha pili.

Kulinganisha ilikuwa kazi yangu, dirishani, kisahani juu ya kisahani. Matokeo niliyaandika katika kitabu kwa mwandiko ambao Daktari aliusifu. Visahani nilivyomaliza vilikwenda kwa rafiki yangu vikaoshwe. Miezi ikapita. Kila mstari wa kitabu ulisema "hakuna".

Siku moja Daktari alikuwa amekwenda Nairobi kwa wiki mbili. Ilinyesha mvua ya mawe. Nilisimama dirishani na visahani mkononi, lakini macho yangu yalikuwa nje, kwenye chai iliyokuwa ikichanwa kama karatasi. Nilikuwa nikiwaza kama mawe yamefika Roret. Nilivipitisha visahani vyote vya siku ile nikifikiria shamba la baba, nikaandika "hakuna", nikavisukuma upande wa sinki.

Mvua ilipotulia nikamsikia akiniita. Hakuwa ameanza kuosha. Alikuwa ameviweka visahani viwili juu ya ukingo wa sinki, mkono wake bado una sabuni, akiwa ameuinua juu ili isidondokee ndani.

"Chorwenyu, kuja uone. Hapa kuna mtu hayuko kwa benchi yake."

Nilitazama sikuona. Akanionyesha: familia hii ya madoa matatu hapa, ile ya mawili pale, na katikati, katika kisahani cha sumu, nafasi. Ilikuwa nafasi ndogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti. Nilimuuliza ameionaje. Akasema hakuangalia madoa, aliangalia mabenchi. Kisha nikajua kwamba siku zote alikuwa akiviangalia tena visahani vyangu kabla ya kuviosha, na hakuwa amewahi kuniambia, asije akanivunja moyo.

Tulilichukua lile doa kutoka kisahani kisicho na sumu, tukalijaribu tena mara tatu kwa siku tofauti. Mara zote tatu lilikufa kwenye sumu. Milango yake haikufunga. Rafiki yangu aliacha kuimba. Alitembea kwa uangalifu ndani ya maabara kama mtu aliyebeba yai. Aliipanda hamira ile kwenye neli chache za kioo, akazifunga kila moja kwa uzi wa buluu, akazipanga nyuma ya kabati la joto. Nilimwona akizifungua kila siku chache, akichagua kwa waya, akihamisha. Sikumuuliza anafanya nini. Nilikuwa nikinakili matokeo kwa mwandiko safi, na safu ya mwisho nilikuwa nimeiacha wazi.

Ndipo mkuu wa maabara alipopita na kikombe chake.

Naomba nisimtupie lawama. Alikuwa mzee wa kanisa, alimjua baba, na nadhani aliamini ananitendea mema. Alichosema kuhusu cheti kilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza kuhusu cheti. Safu ile ilisema "Aliyeona", na aliyeona ni mwingine. Nilijua hivyo nilipoandika. Nilijiambia kwamba nikienda kusoma nitarudi nimshike mkono, na kwamba kati yetu jina langu na lake ni kitu kimoja. Kama kweli yangekuwa kitu kimoja, ningeandika lake.

Rafiki yangu aliliona jina hilo kesho yake alipokuwa akifuta vumbi mezani. Kitabu kilikuwa wazi. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikajifanya nanoa penseli. Alisoma mstari ule kwa kidole, kama alivyosoma Biblia, hadi mwisho. Kitambaa cha vumbi kilisimama.

"Umeandika vizuri," alisema.

Akaendelea kufuta. Jioni alipika, tukala kwenye sufuria moja kama siku zote, naye alinisukumia nyama upande wangu. Niliila.

Daktari aliporudi alikisoma kitabu akiwa bado amevaa koti la safari. Alinishika mabega yote mawili. Alisema chuo chake cha ng'ambo kina nafasi moja ya mafunzo kwa msaidizi wa maabara, na aliyemwona hamira huyu ndiye atakayekwenda naye, mara tu kazi itakaporudiwa yote na hamira mwenyewe kupelekwa huko akiwa hai. Kisha akaniuliza niliionaje nafasi tupu, ndogo namna ile, ndani ya kisahani. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la visahani. Nikamwambia Daktari kwamba sikuangalia madoa. Niliangalia nafasi, kama mtu anayeangalia mabenchi kanisani.

Nilichukua hata mabenchi yake.

Beseni halikuanguka. Alilipeleka kwenye sinki, akafungulia maji.

Alikaa wiki nne zaidi. Aliniita kwa jina langu, lile la kwenye kitabu, na neno la Kikipsigis sikulisikia tena. Kisha akaomba kuacha kazi. Alikuwa amepata kipande cha ardhi upande wa Kipkelion, na mke wa kuoa. Siku ya mwisho aliosha kila chombo, akakunja mahameli, akasimama mbele ya kabati la joto akizitazama neli zenye uzi wa buluu. Nilidhani anaziaga. Aligeuka, akanitazama kwa muda kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Nilimtakia safari njema. Alichukua kibuyu cha mama na godoro lake, akateremka barabarani kwa miguu kuelekea stendi.

Neli zikabaki kwangu. Nilipozitoa kwenye mwanga nilishtuka. Madoa yalikuwa madogo kama mchanga, meupe yasiyo na afya. Nikanusa chakula kilichokuwa ndani: uji wa Januari. Hamira hii ambayo maisha yangu yalikuwa yameitegemea ilikuwa ikilishwa njaa. Nilikasirika kidogo, nakumbuka, nikafikiri kwamba ndivyo mtu wa darasa la saba anavyofanya, anafunga uzi mzuri na hajui kulisha. Nami nilikuwa mtoto wa mkulima wa chai. Kitu kikipauka, kinakosa nitrojeni. Nikachemsha ugali wa Krismasi, na kwa kuwa amonia safi ya Daktari ilikuwa imebaki kidogo chupani, nikaongeza salfeti ya ghala letu la mbolea, kijiko kilichojaa. Nikaihamisha hamira yote huko. Nikaendelea kuihamisha kila wiki, kutoka ugali hadi ugali, na kila mara nilichagua madoa manene, kama ambavyo mtu huchagua mche wenye afya kitaluni.

Ilinawiri. Ikawa nzito kama malai. Neli za zamani zilikuwa zikinijazia nafasi, nikazichemsha nikazitupa pamoja na uzi wake. Nilimwonyesha Daktari, naye akasifu bila kuangalia sana, kwa kuwa alikuwa akifunga mizigo na kuandika ripoti yake.

Wiki ya kurudia kazi ilipofika, alichukua mahameli mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alinyanyua kisahani cha sumu dirishani, akakishusha, akakinyanyua tena. Kila doa lilikuwa hai. Kila benchi lilikuwa na mtu wake. Hamira yangu ilikuwa imefunga milango yake kama hamira yoyote ya mwoka mikate.

Tulijaribu neli zote. Alikaa kwenye kiti cha juu akaniuliza, polepole, hamira hii imekuwa ikila nini tangu kuonekana. Nikasema ugali wa Krismasi. Akauliza, tangu siku ya kwanza? Nikainamisha macho kwenye neli. Akanieleza bila hasira. Agizo lililoharibika, alisema, humfanya huyu hamira kuwa dhaifu kwenye amonia, hukua kwa shida. Mara moja moja seli moja hujirekebisha, agizo linarudi sawa, nayo inakua haraka kuliko ndugu zake. Ukilisha amonia na kuchagua manene, unawachagua waliopona, na wale unaowataka unawazika. Kwenye chakula hafifu wote hukua sawa, kwa shida ile ile, na aliyeharibika haonewi. Kwa hiyo mtu angepaswa kuchagua wadogo na kuwaweka kwenye chakula hafifu. "Mtu alifanya hivyo mbeleni," alisema, "kwa maana ilikaa siku mingi bila kupona. Nani?"

Nilianza kukusanya neli mezani.

"Nani aliona hii kitu?" aliuliza.

Hapo nilipewa mara ya pili kile nilichokuwa nimekosea mara ya kwanza. Rafiki yangu alikuwa mwendo wa siku moja tu kutoka pale. Ningemtaja, angeletwa kwa gari la maabara, angeulizwa, na labda angetafuta upya na kupata, maana kati yetu ni yeye aliyekuwa na macho. Kitabu kilikuwa mezani kimefungwa.

"Mimi," nilisema.

Daktari alinitazama. "Kama ni wewe," alisema, "wewe ungejua."

Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, siku ile wala baadaye. Aliondoka mwisho wa mvua na sanduku lake. Nafasi ya ng'ambo haikutajwa tena. Taa ya miale ilifunikwa kwa gunia, kigogo cha mahameli kikawa cha kuzuia mlango. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikawa karani wa kununua majani mabichi, nikisimama kibandani na mizani huku akina mama wakifungua vikapu. Kazi ya heshima, na niliifanya hadi nilipostaafu. Lakini sikuwahi kuipenda.

Ilinichukua karibu miaka saba kabla ya kwenda Kipkelion. Nilikuwa na kisingizio cha harusi ya jamaa, kisha nikauliza njia. Nyumba ya rafiki yangu ilikuwa ya mabati, mahindi yakiwa mabichi mbele, ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, nyuma ya ua wa michongoma. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipokea vizuri, na sitaki mtu asomaye hapa adhani alinikosea lolote. Alinitolea kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mkewe alileta chai kwenye vikombe vya wageni, na mkate uliopakwa siagi. Aliniuliza hali ya baba, na akasikitika kwa dhati kusikia kwamba amefariki. Aliniita "bwana".

Ukutani, juu ya kichwa chake, kilikuwa kimening'inia kibuyu cha mama. Mfuniko ulikuwa unang'aa kwa kutumika na ukanda wake ulikuwa mpya, na chumba kizima kilinukia ule moshi wa mti tunaosugulia vibuyu. Kilikuwa na maziwa ndani. Mtu aliyekulia kwetu hujua kibuyu chenye maziwa jinsi kinavyoning'inia. Nilikunywa chai.

Tulizungumza mambo ya maziwa na kiwanda cha krimu mpaka maneno yakatuishia. Nikaweka kikombe chini nikamweleza yote: mkuu wa maabara, salfeti, madoa manene, neli nilizozichemsha, na swali la Daktari na jibu langu. Nilisema nimekosa. Alisikiliza akitazama mahindi.

"Nilijua itakufa," alisema mwishowe. "Wale wanono wakiwekwa kwa sumu walikuwa wanaishi. Niliwaona mapema. Ndiyo nikaweka wadogo kwa uji."

"Mbona hukuniambia?"

Alijibu kwa sauti isiyo na ukali. "Kitabu kilisema unajua."

Nilimuuliza kama angeniambia iwapo ningeuliza, siku ile aliposimama mbele ya kabati. Akasema ndiyo, alikuwa amesimama kwa sababu hiyo. Kisha akainuka, akasema bwana asije akakosa gari, na akanisindikiza hadi barabarani kama mila inavyotaka, akinishikia mwavuli. Alinipa mkono. Alisubiri hadi nikapanda.

Sikurudi tena, naye hakunialika. Kwa kuandika jina langu siku ile nilipoteza hamira ambayo pengine isingepatikana tena katika maabara ile, na nilimnyima mtu mwenye macho kunishinda nafasi ya kujulikana kwamba aliona. Nilipoteza masomo, na kazi pekee niliyowahi kuipenda. Na nilimpoteza rafiki. Hakuna mtu mwingine, tangu alipoteremka barabara ile na godoro lake, ambaye amewahi kuniita chorwenyu.